Ishirini Mbili kwenye Barabara ya Bangboka

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina mdomo, na nina diplome d'État, cheti cha serikali cha kumaliza sekondari. Hilo la tatu nimeliweka mwisho kwa adabu tu. Wanaonijua wanasema siku hizi nalitaja hata nikiulizwa bei ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, na sikatai. Kitu ulichokipigania ukikificha, kitadhani unakionea haya.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusafisha sakafu za maternité moja, hospitali ya uzazi, hapa Kisangani. Nilichemsha maji, nikafua mashuka, nikapitisha kitambaa chini ya vitanda. Nilifika mahali nikaweza kujua kwa sauti tu kwamba mama fulani bado ana safari na mwenzake amekaribia. Lakini kila saa yenyewe ilipofika, mama titulaire, yaani mkuu wa wakunga, alinigeukia na neno lake lile lile: "Mama, beba ndoo yako, toka." Hakulisema kwa ubaya. Ndani ya chumba kile anabaki mwenye kazi ya mle, na mimi kazi yangu ilikuwa damu ikishamwagika. Nilitoka, nikasimama nje ukutani, nikasikiliza mtoto wa mwenzangu akizaliwa upande wa pili wa mlango. Na hasira yangu mimi si ya kuazima. Nilitaka kubaki mle ndani. Nilitaka kuwa mkunga, basi.

Chuo cha wakunga kinataka diplome d'État, na mimi shule niliiachia mwaka wa tano wa sekondari, vita vilipoingia mjini na madarasa yakafungwa. Yalipofunguliwa tena nilikuwa tayari nina mtoto mgongoni. Serikali ina mlango wake kwa watu kama mimi. Unajiandikisha kama autodidacte, mtu aliyejifundisha mwenyewe, unakaa mtihani ule ule pamoja na watoto wa shule. Nilikaa mara ya kwanza, nikaanguka. Mtaa mzima ulijua kabla sijamaliza kulia.

Mume wangu ni motard, anabeba abiria kwa pikipiki. Alinifariji kwa kusema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikamwambia maneno hayo awapelekee timu yake ya mpira, wao ndio wameyazoea. Baada ya siku mbili tatu akaniambia tuongee kama watu wazima. Nyumba ilikuwa imechoka. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaogesha watoto, yeye ndiye aliyekula pondu iliyoungua, na mbele ya wenzake kwenye kituo cha motards alikuwa akisema ninakwenda mazoezi ya kwaya. "Mara moja tena," akasema, "kisha tunaacha. Tunaelewana?" Nilikubali mbele ya mama yangu mzazi. Kwetu neno ulilolitoa mbele ya mama yako haliliki tena, hata likuume namna gani.

Basi ilibaki mara moja.

Mwalimu wangu alikuwa binti yangu mkubwa, aliyekuwa mwaka wa tano, mchepuo wa chimie-biologie, pale pale nilipoachia mimi. Ana mdomo wangu na uvumilivu wa baba yake, nashukuru Mungu hakuvigeuza. Kila jioni, mchele ukiwa jikoni, alinikalisha kwenye kibao na kunipa maswali ya miaka iliyopita. Wiki chache tu zilitosha kwake kuona ninapoangukia.

"Mama, kemia unaweza. Biolojia unaweza kunishinda. Lakini kuko fasi moya unaangukaka kila mara, na ni ile ile."

Fasi hiyo, yaani mahali hapo, ilikuwa fizikia, swali la kazi na nishati ya mwendo. Nitalieleza, maana sikulia bure. Wanakupa kitu, tuseme gari, wanakwambia uzito wake, wanakwambia mwendo wake wa kwanza na mwendo wake wa mwisho. Wanataka ujue ni kazi kiasi gani imefanyika kulitoa kwenye mwendo ule na kulifikisha kwenye huu. Kanuni yake haina uchawi. Mwendo wa mwisho unauzidisha kwa wenyewe. Mwendo wa kwanza unauzidisha kwa wenyewe. Unatoa huu kwenye ule, kisha unazidisha na nusu ya masi, yaani ule uzito. Basi. Watoto wanaiimba darasani.

Mimi nilikuwa natoa kwanza. Gari likitoka kumi kwenda ishirini, nilisema ishirini toa kumi ni kumi, kumi mara kumi ni mia moja. Binti yangu alisema ishirini mara ishirini ni mia nne, kumi mara kumi ni mia moja, toa, inabaki mia tatu. Mia moja na mia tatu si majirani. Na waliotunga mtihani ni watu wajanja, ile mia moja yangu walikuwa wameiweka pale kati ya majibu matano, imetulia inaningoja kama jamaa wa ukoo.

"Ju ya nini unatoaka mbele?" akaniuliza.

Nilijua kwa nini, na nilikuwa najivunia. Mimi nimezaliwa kwenye maporomoko, kwenye familia ya wavuvi. Mitego yetu ni vikapu vikubwa vya fito vinavyofungwa kwenye magogo yaliyosimikwa katikati ya maji yanayokimbia. Kikapu kikipanda, huhesabu, hugawi, hukaushi, hata mtoto hapewi wa kuchoma, mpaka kwanza umetoa fungu la mwenye magogo. Ukishatoa, kilichobaki ni chako, kifanye utakavyo. Nililelewa hivyo na mama yangu, na yeye na mama yake. Mkono wangu ukiona vitu viwili vya hesabu, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, unatoa. Haungoji ruhusa.

"Hapa hakuna mwenye magogo, mama," binti yangu akasema.

Nikamwambia aache dharau. Lakini tatizo halikuwa mkono peke yake. Kanuni niliiweka kichwani, niliweza kuisema nikiwa nageuza samaki. Tatizo ni kwamba sikuiamini. Mwendo umeongezeka kumi, na kumi ni kumi, iwe chini iwe juu. Kwa nini kumi ya juu ichukue kazi nyingi kuliko kumi ya chini? Nani kaipandisha cheo? Kitu nisichokiamini kwangu hakilali siku mbili, na mtihani ulikuwa unakuja, wa mwisho.

Siku moja tulikuwa tunagombana hivyo, mume wangu akaingia, akavuta sahani yake ya lituma, akasikiliza huku anatafuna ndizi yake taratibu. Kisha akachukua upande wangu. Jambo hilo hutokea mara chache, nikanyoosha mgongo.

"Mutoto, sikia. Mimi niko kwa moto toka asubuyi mpaka magaribi," akamwambia binti yake, moto ikiwa pikipiki yake. "Kutoka makumi ine mpaka makumi mbili, ni makumi mbili. Kutoka makumi mbili mpaka zéro, ni makumi mbili. Breki njo ile ile, moto njo ile ile. Iko wapi tofauti?"

"Bon," akajibu yule mtoto. "Donc papa, dimanche tutaenda kuona."

Jumapili tulitoka mapema kabla ya misa, sisi watatu juu ya pikipiki moja, kwenda barabara ya Bangboka inayokwenda uwanja wa ndege. Kuna sehemu pale imenyooka na lami yake bado haijaliwa, na Jumapili asubuhi magari ni machache. Binti yangu alibeba kamba yetu ya kuanikia nguo. Mimi nilibeba majivu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, ndani ya mfuko wa plastiki. Kama kuna aliyetuona akadhani tunakwenda kwa mganga, simlaumu.

Mpango ulikuwa wa binti yangu. Baba yake angeendesha mpaka mshale wa mwendo usimame kwenye arobaini. Mimi nimekaa nyuma. Akishika breki atapiga kelele, nitamwaga konzi ya majivu. Mshale ukishuka mpaka ishirini atapiga kelele tena, nitamwaga ya pili. Kisha ataendelea kushika breki vile vile, bila kuongeza wala kupunguza, mpaka tusimame kabisa, nimwage ya tatu. Breki moja, pikipiki moja, mama mmoja mwenye kilo zake. Kutoka majivu ya kwanza mpaka ya pili ni ile ishirini ya juu. Kutoka ya pili mpaka ya tatu ni ishirini ya chini. Kama mume wangu na mimi tuna haki, vipande viwili vitalingana.

Havikulingana. Hata kutoka pale juu ya pikipiki niliona. Majivu ya kwanza yalikuwa mbali huko nyuma, ya pili na ya tatu yamekaribiana kama watu wanaosengenya. Binti yangu alinyoosha kamba kwenye kile kipande kifupi, akafunga fundo, kisha akaipima kwenye kile kirefu. Kifupi kiliingia ndani ya kirefu mara tatu, na kidogo kikabaki.

"Breki ya mbele iliteleza," mume wangu akasema.

Tukarudia. Mara tatu, ikapungua kidogo tu. Akasema ni upepo. Tukageuza pikipiki, tukaendesha upande wa pili. Mara tatu. Akanitazama mimi, nadhani alitaka kuuingiza uzito wangu kwenye kesi, akaona uso wangu, akaacha. Alichuchumaa barabarani, akayaangalia yale majivu kwa muda mrefu, mtu aliyeshika breki ile ile maisha yake yote.

Wakati huo walipita wanaume wawili wakisukuma baiskeli zenye magunia ya makaa. Wakauliza tumepoteza nini. Mume wangu akajibu tunapima breki. Mmoja wao akatikisa kichwa. "Breki wanapimaka?" akasema. "Inashika ao haishike." Wakaendelea na safari yao.

Mimi nilishuka, nikatembea. Nilitembea kwenye ile ishirini ya juu kwa miguu yangu, nikaja nikatembea kwenye ile ya chini. Binti yangu alitembea pembeni yangu na kwa mara ya kwanza hakunifokea. Aliniambia breki inasukuma kwa nguvu zile zile kila mahali, na kazi yake ni nguvu hizo mara urefu wa barabara. Barabara ikiwa mara tatu, kazi ni mara tatu. Arobaini mara arobaini toa ishirini mara ishirini, inabaki elfu moja na mia mbili. Ishirini mara ishirini, toa sifuri, inabaki mia nne. Mia nne inaingia mara ngapi?

Nilikuwa nasikia joto kifuani. Si kwamba nilikuwa nimekariri kitu, nilikuwa nimekikanyaga. Anayekimbia sana amebeba zaidi ya kile unachokiona kwenye mshale, na ukitaka kumtua, ile sehemu ya juu ndiyo inayokutoa jasho. Ndiyo maana huwezi kutoa kwanza. Ukitoa kwanza umetupa habari ya wapi alikuwa, na wapi alikuwa ndio mzigo wenyewe. Nilimkumbatia mwanangu pale kwenye lami, nikamchafulia kwa majivu blauzi ya kanisani. Nilijisikia mkubwa, nasema ukweli wangu. Nilijisikia mkubwa kwa sababu nimeelewa, na kwa sababu aliyenielewesha nilimzaa mwenyewe.

"Na alama ya kutoa mbele ya jibu usisahau," akaniambia tukiwa tunapanda pikipiki. "Breki haipe, inakamata."

Siku ya mtihani wa sayansi nilivaa sketi ya bluu na shati jeupe kama watoto. Mlangoni msimamizi mmoja kijana aliniambia kwa heshima kwamba wazazi wanabaki nje. Nikamwambia mzazi yuko kituo cha motards, mimi ni mtahiniwa. Alisoma karatasi yangu, akaniomba radhi, akanionyesha dawati. Vijana wa nyuma yangu walicheka kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu nao walikuwa na hofu zao.

Swali lilikuwa pale. Lori limebeba mzigo, linashuka kutoka mwendo huu kwenda mwendo ule, tafuta kazi ya breki. Nilitazama majibu matano, nikamwona jamaa yangu wa zamani amekaa mahali pake. Na mkono wangu, Mungu anajua, ulikuwa umeshaanza. Ulikuwa umeshaandika ule mwendo mkubwa na mstari wa kutoa. Niliweka kalamu chini. Nilijiona niko nyuma ya mume wangu na mfuko wa majivu mapajani. Nikakata nilichoandika, nikauzidisha mmoja kwa wenyewe, nikauzidisha mwingine kwa wenyewe, nikatoa, nikazidisha na nusu ya lile lori. Jibu lilikuwepo mara mbili, moja likiwa na alama ya kutoa na jingine bila. Breki haipe, inakamata. Nikachagua.

Nilimaliza maswali mengine yote, lakini lile peke yake nililijua kama ninavyolijua jina langu. Nilitoka mle ndani nikitembea kifua mbele, na sikuwa na matokeo yoyote mkononi.

Kungoja ndiko kulikoniadhibu. Mume wangu hakuuliza. Alijua, mimi nilijua, na mama yangu kule kwenye maporomoko alijua kwamba safari hii hakuna nyingine nyuma yake. Niliendelea kuchemsha maji, kufua mashuka, kubeba ndoo nje nilipoambiwa. Nilianza hata kujifundisha kuzoea. Nilijiambia sakafu safi nayo ni kitu, kuna akina mama wamepona kwa sababu sakafu ilikuwa safi. Nililisema mara nyingi. Halikunishuka kooni.

Matokeo yalikuja kwenye simu, asubuhi, nikiwa nafua uani. Binti yangu ndiye aliyeituma namba yangu ya mtihani na ndiye aliyesoma jibu. Alikuja na simu, akaishika mbele ya macho yangu, maana mikono yangu ilikuwa na sabuni. Nilisoma neno lile la Kifaransa linalosema umefaulu. Nilikaa chini ndani ya maji ya kufulia. Nilililia lile neno kama mtu aliyefiwa, na majirani waliingia mbio wakidhani ni kifo.

Hapa kwetu aliyepata diplome anamwagiwa poda. Walinimwagia mpaka nikakohoa. Mume wangu alifika na wenzake wa kituo, pikipiki nyuma ya pikipiki, honi zinalia, na nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia kwamba kwaya ilikuwa uongo, mke wake alikuwa anasoma fizikia, na atakayecheka achukue moto yake waende Bangboka. Mama yangu alifika kutoka maporomoko saa sita, na yeye aliongeza poda yake. Aliniuliza wameniuliza nini huko. Nilimweleza lori, nikamweleza breki, nikamweleza kwa nini hutoi kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na fungu la mwenye magogo?" akauliza.

Nikamwambia hilo bado linatoka kwanza, kwa samaki sijabadilika. Akaridhika, akaomba chai.

Kesho yake nilikwenda kazini kama kawaida, maana chuo kilikuwa hakijafunguliwa na sakafu hazikujua habari zangu. Nilikuwa bado na poda masikioni. Wakunga walinipongeza, mmoja alinipigia kigelegele kwenye korido. Nilimwonyesha mama titulaire lile jibu kwenye simu. Alivaa miwani, akalisoma, akanirudishia, akasema vizuri sana, mama. Kisha chumba cha ndani kikawa na kelele tuliyoijua sote, na kila mtu akakimbilia mahali pake. Mimi niliingia nao, nikajikuta nimesimama katikati na ndoo yangu.

"Mama," akasema bila kugeuka, "beba ndoo yako, toka."

Iliniuma, sitadanganya. Nilikuwa nimedhani nini, kwamba poda inatosha? Nikabeba ndoo. Lakini mdomo wangu haujawahi kunitangulia kulala. Mlangoni nikageuka nikamwambia, "Ndiyo, mama titulaire. Leo natoka. Nikimaliza chuo, ni mimi nitakayekuwa nawatoa watu."

Mama aliyekuwa kitandani alitutazama wote wawili. Mama titulaire alikuwa anavaa glavu. Alinielekezea kidevu kwenye lile beseni la kunawia la wakunga, ambalo kwa miaka yote nilikuwa nalisugua na sijawahi kulitumia.

"Donc nawa kwanza," akasema. "Vizuri, mpaka juu. Uanze kuzoea."

Nikaiweka ndoo chini. Nikanawa kwa sabuni yao, vidole, kucha, mpaka kwenye viwiko, polepole kama wanavyonawa wao, na hakuna aliyeniharakisha. Halafu ndiyo nikatoka.